Wale waliokataa kura tatu pale Tabora

Hapa Leipzig, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki, jirani yangu ni bibi mstaafu mwenye nakala ya faili alilofunguliwa na Stasi, polisi wa siri wa enzi zile. Tangu 1992 kila mwananchi anaruhusiwa kusoma la kwake. Amenionyesha: majina ya watu wengine yamepakwa wino mweusi, ila siku aliyokwenda kumwona dada yake imeandikwa mpaka saa. Oktoba 9, 1989 alikuwa kati ya watu kama 70,000 walioandamana mjini hapa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Mumewe hakuandamana. Alikuwa mwanachama wa chama tawala. Wote wawili wanasimulia meza moja, wajukuu wanasikia.

Kwetu Tabora tumekua tukiambiwa kwamba Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikutana mjini kwetu, Mwalimu Nyerere akashinda hoja, ukaitwa uamuzi wa busara. Basi. Aliwashinda kina nani, na walikuwa wanadai nini?

Katika uchaguzi wa baraza la kutunga sheria, serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura imeharibika. Na ili uandikishwe, uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Katika nchi yenye mamilioni ya Waafrika! Wajumbe wengi walifika Tabora wanataka TANU isusie, na walikuwa na kila sababu. Nyerere akawaonyesha kwamba wakisusia, baraza litachukuliwa na UTP, chama kilichobebwa na Gavana Twining. Kura zikapigwa, upande wa kususia ukashindwa. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake, African National Congress ya Tanganyika.

Lakini wengine wengi walibaki. Walirudi kwao wakawanadi hata akina Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mwasia, kwa utaratibu uleule walioupinga, na TANU ikafagia viti. Hilo ndilo linaloniuma tusipolisimulia. Huku Ujerumani, baada ya muungano wa 1990 viwanda vya mashariki vilifungwa, watu wakapoteza kazi, na kinyongo bado unakisikia kila uchaguzi. Kushindwa kwa hoja halafu ukabaki kujenga si jambo dogo, na waliolifanya tumewaacha bila majina.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anaelekea 90. Kama una babu au bibi katika mitaa ya Tabora, Ng'ambo, Isevya au Cheyo, mwamkie, kaa naye, washa rekoda ya simu. Alichosema Nyerere kimeshaandikwa. Muulize walibishana vipi barazani kwao, nani alinuna, na nini kilimfanya siku ya kura atoke akapige.