Askari akimkosea mvuvi, kesi iende wapi?

Wanajeshi wamekaa Lamu muda mrefu hivi kwamba watoto wa miji midogo ya Hindi na Mokowe wamekua wakiwaona kila siku. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilianza Septemba 2015, mwaka na ushei baada ya mji wa Mpeketoni kushambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Baadaye ikapewa jina la Amani Boni. Kwa hiyo suala la nani anamsimamia askari anapokutana na raia linatugusa sisi moja kwa moja. Wapo wanaosema polisi wa jeshi tulio nao wanatosha. Wapo wanaotaka kikosi kipya kabisa, cha wanajeshi wenye mamlaka ya polisi juu ya raia, kama ilivyo Ufaransa.

Mfumo wetu tumeurithi kwa Waingereza. Kwao polisi wa jeshi ni wa wanajeshi. Karne ya 19 walikuwapo wa farasi na wa miguu, wakaunganishwa 1926, na kofia nyekundu ikawa alama yao. Kazi zao zinajulikana: kusimamia nidhamu, kuwasaka watoro, kuongoza misafara, kumchunguza askari anayetuhumiwa na kuandaa ushahidi wa mahakama ya kijeshi. Ufaransa na Italia walishika njia nyingine. Gendarmerie ya Ufaransa, yenye jina hilo tangu 1791, ni wanajeshi wanaofanya upolisi vijijini na katika miji midogo, na tangu 2009 wako chini ya wizara ya mambo ya ndani. Carabinieri wa Italia, walioundwa 1814, wana mamlaka ya kumkamata mwizi wa mtaani na vilevile mwanajeshi aliyevunja sheria.

Wanaoutaka mfumo huo hapa wana hoja ya kusikilizwa. Polisi wa kawaida hafiki vijiji vya Basuba au Milimani akiwa na kalamu na daftari lake tu, kwa sababu njia za msitu wa Boni zimetegwa mabomu mara nyingi. Akienda, huenda chini ya ulinzi wa jeshi. Mwanajeshi naye anafika, lakini amefunzwa kupigana na adui. Hakufunzwa kuandika maelezo ya shahidi wala kuhifadhi eneo la tukio. Basi, wanauliza, kwa nini tusiwe na watu wenye ujuzi wa aina zote mbili?

Mimi sikubaliani nao. Katiba ya 2010 imetenga jeshi na polisi kwa makusudi. Ibara ya 241 inataka Bunge la Taifa liidhinishe kabla ya jeshi kupelekwa kurejesha amani penye machafuko nchini. Kikosi cha kudumu cha kijeshi chenye kazi ya upolisi kingegeuza jambo la dharura kuwa desturi. Isitoshe, polisi wanachunguzwa na IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia, lakini mamlaka ya IPOA hayamfikii mwanajeshi. Na silaha hazikosekani upande wa polisi: kikosi chao cha GSU na polisi wa mpakani wanazo. Lamu imewahi kuishi na askari wa dola. Ile ngome iliyo mbele ya uwanja wa Mkunguni ilikaliwa na Mabulushi, askari wa Sultani kutoka Baluchistan, nao hawakujibu kwa mwenyeji yeyote. Hatuna haja ya kurudi huko.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema tulicho nacho kinatosha. Chukua mvuvi wa Kizingitini aliyesimamishwa baharini na boti ya doria. Ameonyesha kitambulisho, nyavu zikachukuliwa, kofi likampata. Akifika kituoni anaambiwa waliomsimamisha si polisi. Akienda kambini anakutana na mlinzi wa lango, naye hana nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, ya kumpa. Siku mbili za kazi zimepotea, na nauli ya boti imetoka mfukoni mwake. Ndiyo maana wengi huona kwamba kupeleka malalamiko jeshini ni kesi ya nyani kwa hakimu ngedere.

Hukumu hiyo ni kali mno. Baada ya shambulio la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wanajeshi wawili walifukuzwa kazi na kufungwa kwa wizi ndani ya jengo lile. Jeshi linaweza kuwaadhibu watu wake, na mahakama ya kijeshi si chumba cha siri kisicho na mwisho, kwani rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Lakini Westgate kulikuwa na kamera, na picha zake zilionekana na nchi nzima. Huku mkondo wa Pate hakuna kamera, kuna maneno ya mvuvi tu.

Polisi wa jeshi wabaki kwenye kazi yao, ila watoke kambini. Kuwe na ofisa wao Mokowe, mahali ambapo raia anaingia bila kupita kwenye lango la bunduki. Kituo cha polisi kilazimike kuandika lalamiko dhidi ya mwanajeshi na kulipeleka kwa ofisa huyo, raia abaki na nambari yake na kujulishwa matokeo, hata kama matokeo ni kwamba ushahidi haukutosha. Nakala iende kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Na kila suala la jeshi Lamu linapofika Bungeni, wabunge wetu waulize malalamiko mangapi ya raia yalipokelewa, mangapi yalifika mahakama ya kijeshi, na waliolalamika waliambiwa nini.