Rambirambi za Johnny

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja (jina namhifadhia, ingawa langu yeye hakulihifadhi) ametuma sauti ya dakika nne kwenye grupu letu la Wabongo wa Nebraska, Marekani, kunicheka eti nililia msibani na watu arobaini wakachanga, bora mnisikie na mimi. Kwanza, sikulia. Macho yalilowa tu. Pili, rambirambi haikuchangwa na watu arobaini. Walikuwa saba, dola 85.

Mnajua natunza wazee, zamu ya usiku. Naingia kazini nakuta tangazo ukutani: kesho, Januari 23, saa kumi jioni, tutamkumbuka Johnny. Na picha ya mzee nadhifu, suti, tai, mvi zimelala vizuri. Johnny yupi? Nikakumbuka babu wa chumba cha mwisho, siku ya tatu simuoni. Innalillahi.

(Kumbe alikuwa kwa binti yake. Tulieni, tutafika.)

Sasa mimi mtoto wa Tanga, msiba wa mtu ninayemfulia shuka nitaukimbiaje? Nikapitisha bakuli kwenye grupu. Nikapiga pasi kanzu, nikavaa kofia, nikafika ukumbini na bahasha mkononi.

Wakanipigia makofi. Nikasema haya, kila watu na misiba yao. Babu mmoja akanionyesha kwa ishara niweke bahasha kwenye paji la uso. Nikaiweka! Nilidhani ndiyo heshima yao kwa maiti. Ukumbi ukacheka mpaka vigari vya magurudumu vikatikisika.

Nikaanza kutoa pole safu ya mbele. Bibi wa miaka tisini akanishika mkono: "Miaka 30, mwanangu. Kila usiku saa nne na nusu, kitandani. Mimi, mume wangu na Johnny."

Nikameza mate. Nyumba za watu zina mengi.

Akaulizwa mwenye neno. Nikasimama. Nani alinituma, jamani?

Nikasema, mimi nilikuwa na marehemu usiku. Vichwa vikatikisika: nao pia. Hapo ndipo nilipoponzeka, kila nilichosema walikiitikia. Alikuwa mcheshi. Eee. Hakuwa na makuu. Eee. Bibi akafuta machozi, nami nikapata nguvu. Nikasema chai yake ilikuwa vijiko viwili vya sukari.

Vichwa vikasimama.

"Na Jumanne tu hii," nikaendelea, "nikiwa nambadilisha shuka..."

Kimya. Kile kimya cha kusikia friji la jikoni linavyonguruma. Babu wa bahasha akavua kifaa chake cha masikio, akakifuta kwa shati, akakirudisha.

"Jumanne ipi?"

"Hii iliyopita, baba."

Kijana wa kuendesha shughuli akaona aniokoe, akawasha tivii. Tarumbeta zikalia. Sauti ikavuta, "Huyuuuu hapa Johnny!" Pazia likapanuka na marehemu akatoka, yule yule wa kwenye picha, mzima, suti imemkaa, anatabasamu.

Nyie! Yowe nililopiga lilisikika maegesho ya magari. Nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga kanzu yangu mwenyewe, bahasha ikapaa, nikakaa mapajani mwa bibi.

Mengine kwa kifupi. Ni Johnny Carson, aliyeongoza The Tonight Show, kipindi cha tivii cha usiku cha vichekesho na mahojiano, kuanzia 1962 hadi 1992. Kakulia hukuhuku Nebraska, mji wa Norfolk, kafa 2005 ana miaka 79. Mwaka huo mimi niko darasa la pili. Alikuwa akiigiza mganga mwenye kilemba, anabandika bahasha kwenye paji la uso na kutoa jibu kabla hajalisoma swali lililomo ndani, kwa hiyo mimi na kofia yangu tulichukuliwa kuwa burudani. Babu wa chumba cha mwisho karudi Jumapili, nimemkumbatia hadi akaita nesi. Pesa nimerudisha, ila rafiki yangu anadai na fidia ya huzuni.

Yule babu wa kifaa cha masikio akaniambia kitu: Johnny alipokufa, familia ilitangaza hakutakuwa na ibada ya kumkumbuka. "Kwa hiyo mwenye kumtolea rambirambi ni wewe."

Na bibi, kila usiku nikipita na trei, ananisimamisha. "Hiyo ya Johnny? Usisahau, viwili."