Michoro ya Saketi: Ni Tofauti Zipi Zenye Madhara?

Miongoni mwa wachoraji wa saketi za kielektroniki, ubishi unaosikika zaidi ni wa alama ya rezista, yaani kijenzi kinachopunguza mkondo wa umeme: je, ichorwe kwa mstari wa meno ya msumeno uliozoeleka Marekani na kuingizwa katika kiwango cha IEEE 315 cha mwaka 1975, au kwa mstatili mtupu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60617? Wanaotetea msumeno husema haufanani na alama nyingine yoyote; wanaotetea mstatili husema huchorwa upesi. Ubishi huu una kelele kuliko uzito, kwa sababu fundi aliyezoea alama moja huitambua ya pili bila taabu.

Penye madhara ni pale nyaya zinapokutana. Wapo wanaochora kidaraja cha nusu duara kuonyesha kwamba waya mmoja unapita juu ya mwingine bila kuungana nao, na wapo wanaoacha mistari ikatane hivyo hivyo, wakiweka nukta pale tu penye muungano. Njia ya pili ni safi zaidi, hasa katika mchoro wenye nyaya nyingi, ila usalama wake wote unategemea kinukta ambacho nakala hafifu yaweza kukifuta. Tahadhari inayofaa ni kutounganisha nyaya nne katika sehemu moja: waya mmoja ukisogezwa pembeni kidogo, hupatikana miungano miwili ya umbo la T, ambayo husomeka hata nukta zikipotea.

Nukta ya desimali nayo ina hatari hiyo hiyo. Thamani ya rezista ya 4.7k, yaani ohm 4,700, ikipoteza nukta husomeka 47k, yaani mara kumi zaidi, ndiyo maana wengi huandika 4k7, herufi ikishika nafasi ya nukta, kwa kufuata kiwango cha IEC 60062. Mgeni huiona ajabu mwanzoni, lakini gharama hiyo ni ndogo.

Kuhusu kuunganisha kwa majina badala ya mistari, yaani kuzipa ncha mbili jina moja ili zihesabike kuwa zimeungana, sioni sababu ya kushikilia upande mmoja. Chipu ya kidhibiti chenye pini mia moja kikichorewa kila waya hakisomeki. Majina hukiokoa, ingawa msomaji atalazimika kuwinda jina lile lile kurasa nyingine. Kwenye kikuza sauti, kinyume chake, njia ya mrejesho, yaani inayorudisha sehemu ya mawimbi kutoka pato hadi ingizo, yapaswa kuchorwa yote, kwa kuwa umbo la kitanzi hicho ndilo linalomwonyesha msomaji jinsi saketi inavyofanya kazi.