Sukari ya damu haijifichi

Ukisoma makala za sensa za glukosi, yaani sukari ya damu, zenye chembe za nano (vipande vidogo mno, vya nanomita chache), majigambo ni yale yale: sensa yetu inagundua hadi mikromoli moja kwa lita. Ya kazi gani? Mtu mzima asiye na kisukari, kabla ya kufungua kinywa asubuhi, ana kama milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita, maelfu ya mara zaidi. Usikivu huo umfae anayepima jasho au machozi. Tone la kidoleni lina matatizo mengine.

La kwanza ni volti. Kimeng'enya cha glukosi oksidesi hugeuza glukosi kwa msaada wa oksijeni, na hubaki hidrojeni peroksidi. Elektrodi ya platini huisoma peroksidi hiyo kwenye volti 0.6 hivi. Kwa volti hiyo vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli navyo hutoa elektroni. Mashine haiulizi mkondo umetoka wapi. Utando wa plastiki uitwao Nafion, wenye chaji hasi, huzuia viwili vya kwanza. Parasetamoli haina chaji, inapenya. Dawa nzuri zaidi ni chembe za bluu ya Prussia, rangi yenye chuma ndani yake, zinazosoma peroksidi karibu na volti sifuri. Kwenye pH ya damu, 7.4, huchakaa taratibu, lakini stripu, kile kipande cha kudondoshea damu, ya kutumia mara moja haijali hilo.

Kati ya chembe za nano, kipenzi cha maabara ni dhahabu, na mapishi yake ni mepesi. Mililita 100 za asidi ya kloroauriki, milimoli 1 kwa lita, zichemke hasa huku zikikorogwa, kisha mimina kwa mkupuo mililita 10 za sodiamu sitreti ya milimoli 38.8 kwa lita. Umanjano hupotea, hupita weusi, hutulia kwenye wekundu wa mvinyo: chembe za nanomita 13 hivi. Chupa iwe imeoshwa kwa aqua regia (mchanganyiko mkali wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki), la sivyo uchafu kidogo tu unaharibu vyote. Kosa la kila siku huja baadaye, mtu anapoongeza moja kwa moja bafa ya fosfeti, maji ya chumvi yanayoshikilia pH. Chumvi huficha chaji inayozitenga chembe, zinagandamana, wekundu unageuka zambarau. Kimeng'enya kitangulie, kwenye maji yenye chumvi kidogo, kizifunike, bafa ifuate.

Sensa za oksidi ya nikeli au shaba, zisizo na kimeng'enya, nyingi hupimwa kwenye sodiamu hidroksidi ya moli 0.1 kwa lita, alkali kali. Hakuna mwenye damu ya namna hiyo.

Tuonyesheni mchoro wa mkondo dhidi ya sukari unaofika milimoli 25 kwa lita bila kuinama, kwenye damu nzima, ya mwenye upungufu wa damu na asiye nao. ISO 15197 ya 2013, kiwango cha kimataifa cha mashine za kupima sukari, inataka asilimia 95 ya vipimo visipotoke zaidi ya milimoli 0.83 kwa lita pale sukari ilipo chini ya 5.55, au zaidi ya asilimia 15 kuanzia hapo. Kisha rudieni kwa stripu iliyokaa mwezi mzima kwenye nyuzi 35.