Soksi Nyekundu Zinazoonekana Nyeusi Pichani

Wanaochunguza sare za timu za mwanzo za besiboli nchini Marekani wamegawanyika pande mbili juu ya jambo linaloonekana dogo: je, picha ya kale itiwe rangi ili watu wa leo waione timu ilivyokuwa, au iachwe ilivyo mpaka upatikane ushahidi wa maandishi? Upande wa kwanza ni wa wachoraji, wakusanyaji wa kadi za wachezaji, mafundi wanaoshona sare za maonyesho na, siku hizi, wenye programu za akili unde zinazotia rangi kwa sekunde chache. Upande wa pili ni wa watu wachache wanaosoma magazeti ya miaka ya 1850 hadi 1890, safu baada ya safu, wakitafuta sentensi moja inayotaja rangi ya soksi, ya kofia au ya mshipi. Wasipoipata, huiacha sehemu hiyo ya mchoro wazi. Hawa wa pili wanasemwa vibaya. Wanaonekana watu wagumu, wanaowanyima wenzao raha kwa kushikilia kiwango cha ushahidi ambacho kipande cha nguo hakikistahili. Sidhani kwamba wametendewa haki, na sababu kubwa imo ndani ya picha zenyewe.

Mtu anayeitazama picha ya karne ya 19 hudhani kwamba, japo haina rangi, angalau inamwonyesha kipi kilikuwa cheupe na kipi kilikuwa cheusi. Sivyo. Vioo vya kolodioni (vipande vya kioo vilivyopakwa kemikali zinazohisi mwanga) vilivyotumiwa na wapiga picha tangu miaka ya 1850, na vile vya jelatini vilivyokuja baadaye, viliathiriwa na mwanga wa buluu na wa urujuani, ilhali mwanga mwekundu havikuuhisi. Ndiyo maana kitambaa chekundu kilitoka cheusi, cha samawati kilikaribia weupe, na cha njano, ambacho jicho hukiona kiking'aa, kilitoka na giza lisilotarajiwa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba kemikali hizo zikichanganywa na rangi fulani huanza kuhisi kijani na njano, lakini vioo vilivyohisi rangi zote, nyekundu ikiwemo, viliingia sokoni mwaka 1906 tu, na hata hapo vilichukua miaka mingi kuenea. Kwa hiyo karibu picha zote za miongo ya kwanza ya mchezo huu zimepita katika chujio hilo.

Wala haitoshi kusema kwamba mtaalamu anaweza kuigeuza hesabu hiyo, akasoma weusi kuwa wekundu na weupe kuwa samawati. Buluu iliyokolea hurudisha mwanga mchache wa kila aina, nayo huweza kutoka nyeusi sawa na nyekundu. Kijivu kimoja pichani kina asili nyingi, na hakuna ustadi wa jicho unaoweza kuchagua mojawapo bila kusaidiwa na neno lililoandikwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Cincinnati. Mwaka 1869 timu ya Red Stockings, ya kwanza kutangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, ilivaa suruali fupi zinazoishia magotini, jambo lililoziweka soksi ndefu mbele ya macho ya kila mtazamaji. Katika picha za timu hiyo soksi hizo ni nyeusi. Asiyejua jina la timu angeziandika nyeusi bila wasiwasi wowote. Tunajua kwamba zilikuwa nyekundu kwa sababu timu iliitwa kwa rangi hiyo, na kwa sababu kikosi hicho cha nahodha Harry Wright kilimaliza msimu bila kupoteza mchezo, kikasafiri kwa reli hadi California, na kila kilikopita waandishi walieleza mavazi yake. Timu iliyopoteza nusu ya michezo yake katika mji mdogo wa Ohio haikuandikiwa hivyo, na ndiyo hasa ambayo wachoraji huijaza rangi kwa kubahatisha.

Lakini jambo linalonishawishi zaidi ni sare za mwaka 1882, nami nitakaa nalo kidogo. Kabla ya msimu huo viongozi wa National League, ligi ya timu za kulipwa, waliamua kwamba shati na kofia zitatambulisha nafasi ya mchezaji uwanjani, na soksi pekee ndizo zitakazotambulisha timu yake. Mdakaji wa kila timu, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, angevaa nyekundu inayong'aa; mrushaji, anayemrushia mpigaji mpira, angevaa samawati; mlinzi anayesimama kati ya kituo cha 2 na cha 3 angevaa rangi ya damu ya mzee; mlinzi wa uwanja wa kushoto, nyeupe; wa kulia, kijivu; na waliobaki walipewa mistari ya rangi mchanganyiko. Wadakaji wa timu zinazoshindana walifanana juu mpaka kiunoni. Kwa upande wa soksi, Boston walipewa nyekundu, Chicago nyeupe, Providence samawati, Worcester kahawia, Troy kijani. Wachezaji walichukia mpango huo, watazamaji walichanganyikiwa, na kabla msimu haujaisha uliachwa.

Sasa fikiria mpango huo ukipita katika kioo cha mpiga picha wa wakati ule. Shati jekundu la mdakaji na shati la damu ya mzee la mwenzake yangetoka meusi yote mawili. Shati la samawati la mrushaji lingekaribiana na jeupe la mlinzi wa kushoto. Chicago wakipambana na Providence, soksi nyeupe na za samawati zingekuwa za timu moja. Boston wakipambana na Worcester, nyekundu na kahawia zingekuwa kitu kimoja. Mpango wote uliobuniwa kwa kutegemea rangi, wenye nafasi 9 na timu 8, ungebaki pichani kama watu waliovaa ama mavazi ya giza ama ya mwanga, na mchoraji mwaminifu kabisa, mwenye picha safi kabisa mkononi, asingeweza hata kuhisi kwamba kulikuwa na mpango. Tunaujua kwa sababu tu uamuzi wa ligi uliandikwa na magazeti yakaudhihaki. Nikisikia mtu akisema kwamba picha moja inatosha, huukumbuka msimu huo, na kujiuliza ni mambo mangapi mengine ya aina hiyo yamepotea kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.

Upande wa wachoraji nao una hoja, na si hoja dhaifu. Kwanza, anayechora sare nzima hulazimika kujibu maswali ambayo msomaji wa magazeti huyapita: kola ilikuwa na umbo gani, mshipi ulikuwa mpana kiasi gani, kifua kilifungwa kwa vifungo au kwa kamba, herufi ya mji ilikaa wapi. Mambo hayo picha huyaonyesha vizuri kuliko sentensi yoyote. Pili, maandishi yenyewe si malaika. Klabu ya Knickerbocker ya New York, mojawapo ya klabu za mwanzo za besiboli, iliamua tarehe 24 Aprili 1849 kwamba sare yake itakuwa suruali za sufu za buluu, shati jeupe la flana na kofia ya majani makavu. Huo ni uamuzi wa kikao, na kikao hakivai nguo. Magazeti ya miaka iliyofuata yalikuwa na tabia ya kutangaza katika majira ya kuchipua sare ambazo klabu ilikusudia kuvaa, bila kurudi baadaye kueleza kama zilivaliwa. Mwandishi mmoja angeandika "buluu" tu, na neno hilo likabeba kila kitu kuanzia rangi ya anga hadi rangi ya usiku. Hata nguo chache zilizohifadhiwa, kama zilizomo katika jumba la makumbusho la besiboli la Cooperstown, New York, hazisemi ukweli wote, kwa maana rangi za zamani hupauka na flana nyeupe hugeuka njano kwa umri.

Haya yote ni kweli. Hata hivyo, makosa ya maandishi yana tofauti moja na makosa ya rangi iliyopakwa: yanaonekana. Ukisoma taarifa ya mwezi wa Machi inayosema kwamba klabu "itavaa" hiki au kile, unajua kwamba unasoma ahadi, na unaweza kutafuta taarifa ya mwezi wa Julai kuihakikisha. Rangi iliyopakwa juu ya picha haina wakati wa kitenzi. Soksi za Cincinnati zilizothibitishwa na magazeti mengi na soksi za timu isiyojulikana zilizochaguliwa kwa kupenda kwa mchoraji huketi ukurasa mmoja, zikiwa na uhakika ule ule machoni. Tatizo hilo ni la kale. Kadi zilizotiwa katika paketi za tumbaku kati ya 1909 na 1911 zilichapishwa kwa rangi nzuri sana, nyingi zikitokana na picha zisizo na rangi, na mara nyingi hatujui rangi hizo zilitoka wapi. Ila leo wapo wanaozinukuu kama ushahidi.

Programu za akili unde zimelizidisha jambo hili badala ya kulitatua. Zimefundishwa kwa picha za kisasa, ambazo ndani yake kijivu cha kiwango fulani kina uhusiano fulani na rangi halisi. Haziulizi kama picha iliyo mbele yake ilipigwa kwa kolodioni. Zikiona soksi nyeusi za mwaka 1869 zitazipa weusi au buluu iliyokolea, na zitafanya hivyo kwa ulaini unaomfanya mtazamaji asahau kwamba hakuna aliyeulizwa.

Iko hoja moja ya wachoraji ambayo upande ninaouunga mkono haujaijibu vya kutosha, nayo inahusu timu za Wamarekani weusi. Cuban Giants, timu ya kulipwa iliyoanza mwaka 1885 katika hoteli moja huko Babylon, New York, ina picha zilizobaki, lakini magazeti makubwa ya wakati huo hayakuiandika timu kama hiyo kwa wingi kama yalivyoziandika timu za Boston au Chicago. Ukishikilia kwamba pasipo neno pasitiwe rangi, timu zilizodharauliwa na waandishi zitadharauliwa tena na watafiti: ukurasa wa Boston utawaka nyekundu na ukurasa wao utabaki kijivu. Hoja hii inauma, na siwezi kuipuuza kwa kusema tu kwamba kanuni ni kanuni.

Hata hivyo kuwapaka rangi ya kukisia si kuwapa haki yao. Ni kuwavika mavazi yaliyochaguliwa na mtu mwingine. Wamarekani weusi walikuwa na magazeti yao, likiwemo la New York Freeman ambalo mwaka 1887 lilibadilishwa jina likawa New York Age, na timu hizo zilicheza katika miji mingi midogo ambako magazeti ya wenyeji yaliripoti kila jambo geni lililopita mtaani. Saa anazotumia mchoraji kuchagua kati ya kahawia na buluu kwa ajili ya picha ya Cuban Giants zingetosha kusoma msimu mzima wa gazeti moja la aina hiyo. Kazi hiyo inachosha na aghalabu hairudishi kitu, lakini ndiyo iliyotupa soksi za kijani za Troy, ambazo kwa kioo cha picha peke yake tusingeziota.