ASRock B450M Steel Legend: sura inauza, ram je?

Hii mazabodi ya prosesa za AMD Ryzen ilitoka 2019 na mpaka leo watu wanaiulizia, hasa wanaojenga PC ya gemu kwa hela ya kuungaunga, na maswali huwa ni yaleyale mawili, inapendeza? na spidi ya ram inapanda mpaka ngapi?

Sura kwanza maana ndo inanasa wengi. Bodi nyeusi imechorwa mabaka ya kijivu na meupe kama kombati la jeshi, hitisinki rangi ya fedha, afu kuna taa za RGB pale kwenye chipseti. Kwa daraja lake ni kali, sibishi. Ila ukishachomeka kadi ya grafiki nene nusu ya chini yote inafunikwa, na kama keisi yako ni bati pande zote basi huo urembo ataufaidi fundi tu siku ya kufunga. Mwenye keisi ya kioo hapo sawa, ana haki yake. Mi kilichonivutia zaidi ni sloti nne za ram, maana bodi nyingi ndogo za bei ya chini zinaishia mbili.

Sasa ram. Zile spidi kubwa zinazotangazwa huwa zina herufi OC (overclock, kukimbiza juu ya kiwango rasmi) pembeni, yaani ikifika sawa isipofika usimdai mtu. Na kinachoamua zaidi wala sio bodi, ni prosesa, coz kidhibiti cha ram kiko ndani yake humo. Ryzen 2000 AMD wenyewe wanaitambua mpaka 2933 (MT/s, kipimo cha spidi ya ram), Ryzen 3000 mpaka 3200, juu ya hapo ni bahati ya chipu uliyopata. Kwa Ryzen 3000 ukifika 3600 fabriki (njia ya data ndani ya prosesa) inakimbia 1800 MHz sambamba na saa ya ram, ambayo ni nusu ya hiyo 3600, ukilazimisha zaidi ya 3733 kwa kawaida bayosi (programu ya mipangilio ya bodi) inazitenganisha na ucheleweshaji unaongezeka, kwaiyo namba imepanda afu gemu halijasogea. Mtu anayeikataa B450 eti haifiki 4000 anagombania kitu ambacho hata akipewa hatokiona.

Upande wa pili, kudharau spidi ya ram kabisa nako ni kosa. Kama huna kadi na unategemea grafiki ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, ile grafiki inakula ram hiyohiyo, kwaiyo vijiti viwili vya 3200 dhidi ya kimoja cha 2400 tofauti unaiona kwa macho kabisa. Ila mwenye kadi kama RX 580 anayecheza 1080p mipangilio yote ikiwa juu (high), kadi ndo itachoka kwanza, 3200 na 3600 hatozitofautisha.

Na kuna watu wamenunua ram ya 3200 ila inatembea 2133 au 2400 mwaka mzima maana hawajawahi kuingia bayosi. Bonyeza F2 kompyuta ikiwaka, ingia OC Tweaker, washa XMP (mpangilio wa spidi uliohifadhiwa kwenye ram yenyewe), volti inatoka 1.2 inaenda 1.35, vijiti vikae sloti zilizoandikwa A2 na B2. Afu iachie MemTest86 (programu ya kupima ram) usiku kucha, na kwa joto la Dar bora uipime keisi ikiwa imefungwa, ram inaeza kuwaka vizuri tu asubuhi ikaanza makosa mchana na ukaja kushtuka Windows imeshaharibika mafaili.

Kwa mtu wa 5600G mi ningesema chukua, weka 8GB mbili za 3200, sloti mbili zibaki za baadae, ila ujue ukijaza zote nne hiyo 3200 inaeza kugoma ikabidi ushuke kidogo.