Kabla ya Kusakinisha Mfumo wa Pili, Uandae wa Kwanza

Wengi wanaoniuliza namna ya kuweka mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, katika kompyuta moja huanza na usakinishaji wenyewe: flashi inaandaliwaje, na kibonyezwe kitufe gani. Kwa maoni yangu, swali hilo huja mapema mno. Kusakinisha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, siku hizi ni kazi fupi yenye maelekezo kila hatua. Kinachoamua kama mtu atabaki na mafaili yake au atayalilia ni yale aliyoyafanya ndani ya Windows kabla hajaichomeka hiyo flashi.

Nakala ya mafaili katika diski ya nje ni lazima, na hilo halina mjadala. Linalosahaulika ni BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja diski ikiwa tayari imefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukigusa mipangilio ya uwashaji, kwa mfano ukizima Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usioaminika kuwaka), diski inaweza kukataa kufunguka mpaka uiingizie ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, kisha uusome tena kuhakikisha, kwa kuwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya diski iliyofungwa haumfai mtu.

Kuna pia Fast Startup, iliyoanza na Windows 8 mwaka 2012. Ikiwa imewashwa, kompyuta unayodhani umeizima huwa imehifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Linux ikiikuta diski katika hali hiyo, kwa kawaida hukubali kusoma mafaili yaliyomo lakini hukataa kuandika chochote, na hufanya vyema kukataa, maana kulazimisha kunaweza kuharibu data. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kutafuta kosa upande wa Linux, ilhali dawa ni kuizima Fast Startup kule kule Windows.

Nafasi ya mfumo mpya nayo ikatwe kwa Disk Management, programu ya Windows ya kugawa diski, wala usiwe bahili. Mara ya kwanza niliipa Linux GB 20, ikajaa nikalazimika kurudia kazi yote. Sasa sishuki chini ya GB 50.

Ukishamaliza, usishtuke saa ikipotea. Linux huihesabu saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni UTC (saa rasmi ya kimataifa), Windows huihesabu kuwa ni saa ya mahali ulipo, hivyo aliye saa 3 mbele ya UTC akitoka Linux kuingia Windows hukuta saa imerudi nyuma kwa saa 3. Amri moja ndani ya Linux, timedatectl set-local-rtc 1, huifanya mifumo yote miwili isome saa kwa namna moja.